Mshika Kamba wa Mbaruku

Mbaruku Hanifu ni mtu wa kinyaa, na hafichi. Ukimkaribisha chai kwenye kikombe chenye ufa, atakushukuru kwa adabu zote na kukirudisha mezani kikiwa kimejaa. Akimwona mtu anatema mate njiani, na yeye hutema, kisha hujichukia kwa kutema. Mkewe Nasma husema kwamba siku ya kuposwa aliletewa pua kwanza, mwanamume akafuata nyuma. Ajabu ni kwamba mtu huyu alikula ujana wake wote kwenye kazi ya kukutana na uchafu ana kwa ana, kazi ya kukata miti iliyosogelea nyaya za umeme.

Watu hudhani ni kupanda mti na kushuka. Hawajui kinachokaa kule juu. Kuna popo waliokaukia kwenye nyaya na kunguru waliooza kwenye panda za matawi, na kuna mifuko ya plastiki iliyofungwa fundo, yenye vitu ambavyo Mbaruku hakutaka hata siku moja kuvijua. Huko chini, kwenye mkuza, yaani ile njia inayotakiwa kubaki wazi chini ya nyaya, ndiko watu wa mitaani wanakotupa taka zao na kujisaidia gizani. Mara nyingi alifika kazini asubuhi, akanyanyua mguu mmoja, akautazama unyayo wa buti lake, na siku ikawa imeshaharibika.

Tena tangu serikali ihamie Dodoma, kila aliyesimamisha nyumba alitaka miashoki mbele ya geti, minyoofu na mirefu, na akaipanda pale pale chini ya waya kwa sababu kwingine kote amemwaga zege. Ukimwambia mti huu utakuja kugusa nyaya, anakutazama kama umekuja kumwomba sigara. Ikipita miaka michache unamsikia analalamika kwamba umeme wa mtaa wao unakatikakatika, sijui kwa nini.

Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni ukataji wenyewe. Kundi lao lilikuwa la kampuni moja ndogo iliyopewa kazi ya kusafisha mikuza, na msimamizi wake alikuwa Octavian, mtu mwenye kofia safi siku zote. Octavian alitaka tawi likatwe katikati, kibaki kigutu. Kigutu huchipua fujo, vitawi kumi mahali pa kimoja, na mwakani kazi inakuwepo tena. Mbaruku alikata tawi pale linapoungana na shina, mahali ambapo mti hujifunga kidonda chake wenyewe. Octavian akimwona hucheka na kumwambia, "Wewe Mrangi, utatumalizia ugali." Mbaruku alikuwa akishuka mitaa waliyoipita mwaka uliotangulia, akaiona ile miarobaini iliyosimama na vigutu vyake kama watu waliokatwa mikono, akageuza uso na kuharakisha hatua.

Kupanda alijifunzia kwao, milima ya Kondoa, akimfuata baba yake kwenye mizinga ya nyuki. Alipokuja mjini Dodoma alifikia mtaa wa Kikuyu kwa shangazi yake, na siku moja wakataji walipita mtaani wakihangaika na mti mmoja mkaidi. Aliwatazama mpaka uvumilivu ukamwisha, akavua ndala, akapanda. Kesho yake alikuwa mfanyakazi wao. Alipomwoa Nasma, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, alipata na shemeji juu yake. Mdogo wake Nasma, aitwaye Mgeni, hakuwa na shughuli, naye Mbaruku akamwombea kazi ya kushika kamba.

Kundi lile lilikuwa na desturi mbili ambazo hazikuandikwa popote. Laini ndogo inayoingia mtaani huzimwa kwa kuchomoa fyuzi zake tatu juu ya nguzo, ndefu kama mirija, kwa fimbo maalumu. Octavian ndiye aliyekuwa akizichomoa, lakini aliyekaa nazo ni yule anayepanda. Mbaruku alizifunga kiunoni, akapanda nazo, akafanya kazi zikimgongagonga mapajani, na aliposhuka ndipo alipozikabidhi kwa mkono wake. Hakuna awezaye kuwasha umeme ukiwa bado juu, kwa kuwa kiwashio unacho wewe.

Desturi ya pili ilikuwa ya mshika kamba. Tawi kubwa hufungwa kamba kabla ya kukatwa, ili lishuke taratibu upande usio na nyaya, na aliye chini ndiye mwenye kulizuia. Mshika kamba haiachii mpaka aliyepanda akanyage ardhi. Siku moja kule Kibakwe siafu walimpanda Mgeni mpaka mapajani, naye alilia machozi lakini kamba hakuiacha. Mbaruku alimsifia siku hiyo mbele ya Nasma, na Nasma akamchinjia mdogo wake kuku. Siku hizo Nasma alilala usingizi kwa vitu hivyo viwili tu: fyuzi ziko kwa mumewe, na kamba iko kwa mdogo wake.

Basi ikafika siku ya Kizota. Palikuwa na mwarobaini mkubwa nyuma ya karakana ya Obedi, fundi wa mageti, na tawi lake moja nene lilikuwa limeinamia nyaya kabisa. Octavian akachomoa fyuzi kwenye nguzo iliyoko nyuma ya karakana, akamkabidhi Mbaruku. Karakana zote zikanyamaza. Obedi akatoka na apuroni yake ya ngozi, amenuna.

"Mkuu, nina geti la mtu hapa. Kasimama ananisubiri. Kubwa hilo, la ofisini."

"Vumilia kidogo, fundi," Octavian akamjibu, akimshika bega na kwenda naye pembeni.

Mbaruku hakuwajali. Alipanda, akafunga tawi, akapitisha kamba kwenye panda ya juu, akamrushia Mgeni ncha. "Unayo, shemeji?" "Ninayo!" Akaanza kukata kwa msumeno wa mkono. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza, ule wa Dodoma unaokujaza mchanga kwenye meno, na tawi lilikuwa likilialia taratibu kila meno ya msumeno yalipozama.

Alikuwa amefika nusu aliposikia grenda ikilia kwenye chuma. Akadhani fundi amewasha jenereta. Akasimamisha msumeno, akasikiliza. Muungurumo wa jenereta haukuwepo. Kisha redio ikaibuka katikati ya wimbo kwenye kibanda cha jirani, na mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ikaanza kuzunguka. Mbaruku akapeleka mkono kiunoni. Fyuzi tatu zilikuwepo, zote, zimefungwa kama alivyozifunga. Akatazama nyaya. Zilikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuzifikia kwa msumeno.

Hapo alielewa kwamba Octavian ana fyuzi nyingine.

Hofu ilimpiga kwanza. Tawi alilolikata nusu lilikuwa mbichi, limejaa maji, na upepo ulikuwa ukilisukuma kwenye nyaya. Likigusa, mti mzima utakuwa waya, na yeye yumo ndani ya mti. Akatazama chini amwambie Mgeni aivute kamba kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye rundo la vyuma chakavu. Mgeni alikuwa amesimama mbali, kivulini pamoja na wenzake, na mkononi ameshika soda.

Wote walikuwa na soda. Walikuwa wakimtazama.

Kile kinyaa chake chote cha miaka yote, cha popo na mizoga na mavi ya watu, kilikuwa mchezo wa watoto mbele ya alichokiona hapo. Hofu ikamtoka, sijui ilikwenda wapi, ikabaki kichefuchefu tu. Aliuning'iniza msumeno upande wa pili wa shina, akazunguka nyuma yake, akashuka pole pole huku akilisikiliza tawi, na kila lilipolia alisimama na kupiga shahada kimoyomoyo. Alipokanyaga chini alitapika.

"Pole, pole," Octavian akasema akija. "Jua kali leo. Mpeni soda yake."

"Umerudisha umeme."

"Nani? Hapana bwana. Hiyo unayoisikia ni jenereta ya fundi."

"Jenereta."

"Jenereta. Muulize mwenyewe."

Obedi aliangalia buti zake. Mbaruku akajifuta mdomo, akafungua fyuzi kiunoni, akamnyooshea Octavian.

"Haya. Jifunge hizi, panda ukamalizie lile tawi. Limebaki nusu."

Octavian akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akalitazama tawi, akazitazama nyaya, akavua ile kofia yake safi na kuivaa tena. Wafanyakazi walikuwa wakimtazama yeye sasa, chupa zimesimama hewani.

"Si jenereta tu?" Mbaruku akasema. "Panda, mkuu."

Upepo ukalipiga tawi, likalia. Octavian akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alichukua ile fimbo ndefu na kukimbilia kwenye nguzo, mbio ambazo hakuna aliyewahi kumwona nazo. Muda si muda grenda ikafa, redio ikafa, mashine ya kusaga ikashuka sauti mpaka ikanyamaza. Aliporudi alikuwa na fyuzi tatu mkononi, mpya, zinang'aa. Mbaruku alizichukua kwa ncha za vidole, hivyo hivyo anavyoshika kikombe chenye ufa.

Hakutaka kupanda tena. Lakini tawi lile lisingeweza kuachwa likining'inia, kwani chini yake wanapita watu. Akafunga fyuzi zote sita kiunoni.

Mgeni alikuwa ameshaiweka soda chini na kuifuata kamba. Macho yalikuwa mekundu.

"Shemeji, nisikilize. Mkuu alisema tusikuambie, ukisikia utababaika uanguke. Alisema ni dakika mbili tu, geti limalizike. Na ile kamba, mti ukiingia umeme na mimi ningekufa. Tungekufa wote wawili. Dada angebaki na nani?"

"Wewe kaa na soda yako," Mbaruku akamwambia.

Akamwita Obedi. Fundi yule alikuja na mikono yake minene, akaonyeshwa namna ya kuzungushia kamba kwenye shina na kuizuia, akaambiwa asiiachie hata akiitwa na mwenye geti. Aliishika mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mbaruku akapanda, akamalizia kukata, karibu kabisa na shina, na tawi likashuka upande wa ukuta bila kugusa kitu. Aliposhuka alimkuta Obedi analia kimya kimya, kamba bado mkononi, na ilibidi aambiwe mara mbili kwamba sasa anaweza kuiachia.

Fyuzi hazikurudi kwa Octavian. Mbaruku aliziweka zote sita kwenye mfuko wa sementi, akaenda nazo kwa miguu mpaka ofisi ya umeme, akazimwaga kaunta na kueleza. Dada wa kaunta alizisogeza kwa kalamu, akasema suala lake litafanyiwa kazi. Mbaruku akamshukuru. Kampuni ile bado inakata miti, na ukipita mtaa wenye vigutu vingi utajua Octavian alipita hapo.

Mbaruku siku hizi hukata miti ya watu uani, Kikuyu na kwingineko, ile iliyo mbali na nyaya. Akiitwa kwenye mti uliosogelea waya huuliza nani atakaa na fyuzi, na kama nyingine zipo, ziko wapi. Watu humwona anajifanya. Anayemshikia kamba ni Obedi, siku ambazo hana kazi ya mageti. Nasma hapendi, kwa kuwa ndiye yule yule aliyetaka umeme, lakini Mbaruku humjibu kwamba yule ameshajua uzito wa kamba.

Mgeni hakuonekana kwao kwa muda mrefu. Alikuja siku ya Idi, amevaa kanzu, amebeba tende. Nasma alimkumbatia mdogo wake akalia, akawapakulia pilau kwenye sinia moja kama zamani. Mbaruku aliinama akala. Alikula upande wake, kwa adabu, wala hakununa. Walipokaribia kumaliza, Mgeni aliuacha mkono wake kwenye sinia.

"Shemeji. Kumbe hujanisamehe?"

"Nimekusamehe," Mbaruku akasema. "Nilikusamehe siku ile ile, nikiwa njiani."

"Basi nirudi tufanye kazi. Nikushikie kamba."

Nasma alisimama na kijiko mkononi, akimtazama mumewe. Mbaruku akasogeza nyama moja kutoka upande wake wa sinia, akaiweka mbele ya shemeji yake.

"Kula," akamwambia. "Hapa ni kwenu, njoo siku yoyote. Lakini kamba sikupi."

Mgeni aliitazama ile nyama. Nasma akawaongezea pilau wote wawili, kisha akarudi jikoni kutafuta maji ya kunawa.