Siku Niliyoegemea Mlango

Miaka ya hamsini mume wangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja nje ya Voi. Tuliishi kambini, kwenye safu ya vyumba vilivyochangia kuta. Jirani yangu alikuwa mwanamke aliyetoka magharibi ya nchi pamoja na mumewe, fundi wa mashine ya kuchakata mkonge. Mimi natoka Mwanda, kule milimani. Kiswahili chetu sote wawili kilikuwa cha kuunga-unga, lakini tulielewana.

Siku ya kimbunga tulikuwa tumegombana asubuhi. Nilikuta amepanga madebe yake mbele ya langu kwenye foleni ya mfereji wa maji, nikamwambia watu wa kuja hawana adabu. Alijaza maji yake akaenda zake.

Alasiri mbingu ikawa nyeusi upande wa kilima cha Mraru. Kisha nikaona vumbi jekundu limesimama wima, linazunguka, linatujia. Nilimsukuma mwanangu mdogo chini ya kitanda, nikatia komeo, nikauegemea mlango kwa mgongo. Mabati yakaanza kulia. Ndipo niliposikia mtu anagonga.

"Dada, nifungulie. Paa letu limekwenda."

Nilimsikia vizuri. Nilijiambia kwamba nikifungua, upepo utaingia na kutung'olea paa, mtoto aumie. Hilo lilikuwa kweli. Lakini najua pia kwamba niliukumbuka ule mfereji. Aligonga tena, kisha akanyamaza.

Upepo haukukaa hata muda wa kuchemsha chai. Nilipotoka, nusu ya kambi haikuwa na paa. Mlinzi, mzee wa watu, alikuwa amefia chini ya ukuta wa ghala. Nyuzi za mkonge zilizokuwa zimeanikwa zilinasa kwenye miiba mpaka ng'ambo ya reli. Jirani yangu tulimkuta nyuma ya jiko, bati limemkata mkono wa kulia hadi mfupani.

Mkono ulipona, ila vidole havikukunjika tena. Watu wa milimani walitushushia ndizi na mihogo, wanaume wakaezeka upya. Mimi nikawa namfulia jirani yangu, namsongea ugali, namsuka nywele. Kambi nzima ikanisifu. Jumapili moja mchungaji alinitaja kanisani kuwa mfano wa jirani mwema. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Miezi ikapita. Siku moja, nikiwa namsuka, nikamwambia, "Siku ile nilikusikia ukigonga."

"Mimi nilidhani upepo ulimeza sauti yangu," akasema. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Sipati usingizi."

"Kwa hiyo sasa tuukose sote wawili."

Aliniacha nimalize kumsuka. Tangu kesho yake alisukwa na mwanamke wa chumba cha mwisho. Salamu hakuninyima, wala hakumweleza mtu.

Mwaka uliofuata mumewe alipata kazi kwenye reli, mbali, wakahama. Nilikwenda kumuaga. Alinipa mkono wa kushoto, akanitakia heri kama anavyotakiwa mtu yeyote. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kumwomba msamaha. Nilikuwa nimemwambia tu, ili mimi nipumue. Nilifungua mdomo, lakini lori lilikuwa linanguruma na mizigo yao imeshapakiwa. Mumewe alimshika kiunoni akamsaidia kupanda, maana asingeweza kujivuta kwa mkono mmoja.

Sijamwona tena.