Mkono wa Torab Ali

Nilitumwa na serikali kufundisha akina mama wa kijiji cha Baishpur, mwaka ule mto Meghna ulipoingia hadi jikoni, namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru ya kumnywesha anayehara. Kazi ilikuwa nyepesi isipokuwa kwa mtu mmoja: Torab Ali, kuli wa marobota ya juti, mwenye kiganja kilichofunika sahani nzima ya wali. Kila nilipomfundisha mkewe Meherun barazani, yeye alikaa pembeni akinicheka.

"Dada Shefali, paa likivuja wewe unaomba mvua iongezwe? Anayehara anyimwe maji, akauke!"

Nilimweleza kwa kumwonea huruma, na huruma yangu ni fupi. Chumvi ni bwana harusi, nikamwambia. Utumbo ni nyumba ya bibi harusi. Mashemeji wamefunga lango, naye hapiti mpaka mshenga wake, sukari, amshike mkono. Akishapita, maji ndio wageni, nayo yanamfuata ndani yote. Lakini ukileta mabwana harusi ishirini kwa mshenga mmoja, wanabaki barabarani, na hata wageni waliokwisha kukaa wanatoka nje kwenda kuwatazama.

"Harusi tumboni mwangu!" akasema. Alicheka hadi akapaliwa.

Mwezi wa Kartik, mvua zilipokwisha, kipindupindu kikamshika. Meherun akatengeneza maji kama nilivyomfundisha: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, gudulia la maji. Bwana akayasukuma.

"Mkono gani huo, wa kuku? Mimi mtu mzima!"

Akabana chumvi mwenyewe, mara mbili, kwa vidole vile, na sukari akaiacha, eti ni ya watoto. Akanywa. Kilichotoka baada ya hapo sikisimulii. Nilipofika walikuwa wamekata tundu la kupitishia choo kwenye kitanda cha mianzi, macho yake yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nikajua asiponywa kitu cha maana kabla ya alasiri, tunamzika.

Na wanaume wa Baishpur walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanapima mikono! Watano walikuwa wamejipanga kando ya kitanda, wanabishana mkono wa nani ndio uliokusudiwa na serikali katika kile kipimo cha vidole vitatu.

"Wangu ndio wa kati kwa kati," akasema fundi cherehani.

"We! Hicho si kidole, ni sindano!"

"Tokeni kwenye mwanga!" nikapiga kelele. Nikageuka kuwafukuza, chumvi ikanimwagikia mtungini, nisijue ni kiasi gani. Nikatia sukari, nikakoroga. Sasa kuna kipimo kimoja tu: maji yale yasizidi chumvi ya machozi.

"Onjeni," nikawaambia, maana kazi yangu ni kufundisha, si kuwaonjea. "Yanazidi machozi?"

Wakaonja mmoja mmoja.

"Mimi nitajuaje?" akasema fundi cherehani. "Sijawahi kulia."

"Hata mimi."

Wa tatu alikuwa amezika baba, mama na ng'ombe wawili, naye akaapa hajui ladha ya machozi. Torab Ali akakusanya pumzi kitandani.

"Mimi... tangu nizaliwe... bado."

Mtu anakufa, na wanaume watano wanalinda sifa! Meherun akawapita, akachovya kidole, akalamba.

"Yamezidi. Tia maji." Nikatia. Akalamba tena. "Bado kidogo." Nikatia. "Hapo. Ndiyo yenyewe."

Hakufikiri hata kidogo. Akamwinua kichwa mumewe, akamnywesha kijiko kwa kijiko, kisha bakuli, kisha gudulia. Akitapika, anangoja kidogo, anaanza tena. Jua lilipokuwa linatua Torab Ali akakojoa, nikajua maji yamemkaa mwilini, na wale watano wakashangilia kama amezaliwa mtoto wa kiume.

Kelele zilipotulia Torab Ali akamgeukia mkewe.

"Ulijuaje upesi vile?"

"Tumeoana miaka kumi na tisa, baba Jomir. Hukuwahi kuuliza."

Fundi cherehani akakumbuka kuwa ana kazi nyumbani, wenzake wakamfuata. Torab Ali akalishika bakuli kwa mikono yote miwili, akaonja polepole.

"Kumbe ndivyo machozi yalivyo?"

"Hayo yako yametiwa sukari," Meherun akasema. "Kunywa."