Salamu Maria Mbili kwa Dakika

Niliporudi nyumbani Sumbawanga nilikuwa nimefeli mtihani wa usajili mara mbili, na kanuni iliruhusu mara tatu. Shahada nilikuwa nayo. Niliipata katika nchi moja ya Ulaya Mashariki, tukiwa kundi la mwisho kupelekwa huko na serikali, na nikiwa mwaka wa nne utawala wa wenyeji wetu ukaanguka, tukamaliza masomo tukiwa na vyeti vyenye muhuri wa nchi iliyokwisha kubadili jina. Hapa kwetu cheti kile peke yake hakikutosha. Ilinibidi nikae mbele ya jopo Dar es Salaam, nijibu kwa Kiingereza mambo niliyofundishwa kwa lugha nyingine, ndipo niandikwe kwenye daftari la madaktari. Upasuaji nilipita, uzazi nilipita. Mara zote mbili niliangukia magonjwa ya watoto.

Sikuanguka kwa kutojua. Mara ya kwanza swali lilihusu mtoto wa miezi kumi na miwili aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara. Mtoto wa chini ya mwaka hutiwa maji ya mshipani kwa saa sita, na kuanzia mwaka mmoja hutiwa kwa saa tatu. Nikaanza kujiuliza kama miezi hiyo kumi na miwili imetimia, au bado siku mbili tatu, na mama yake alihesabu kuanzia lini, na kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Nikaandika saa sita, nikafuta, nikaandika tatu, nikarudisha sita. Kengele ikalia. Mara ya pili swali lilikuwa jingine kabisa, nami nikalifanya vilevile.

Basi nikarudi kusoma kwetu, kwenye nyumba iliyo chini ya mlima, ambako upepo wa mwezi wa sita hupita chini ya mlango na kukaa ndani na watu. Sehemu pekee yenye joto ilikuwa jikoni kwa mama. Nilikata maboksi ya sabuni vipande vidogo, na kila kipande nikakiandika jambo moja: mtoto hukaa bila kushikwa akiwa na miezi sita; surua huanza na macho mekundu kabla ya vipele; dalili za hatari ni kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea. Mama hakujua Kiingereza, lakini alichukua kazi ya kunisikiliza. Alishika kadi moja moja kama mtu anayekagua tiketi, akingoja niseme kilichoandikwa, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili na yeye apate. Kiingereza alikisikiliza kwa sauti tu.

"Hapo umetafuta neno," alikuwa akisema. "Weka hii chini, tutairudia."

Na kweli nilikuwa nimelitafuta. Sikuwahi kuwa na mwalimu mkali kama yule.

Mjini, wakati huo, kila aliyetaka kufungua duka alifungua. Kijana mmoja niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye hakuendelea na masomo, alikuwa na duka la dawa njia ya sokoni. Alivaa koti jeupe, akapima dawa za watoto kwa kuvunja kidonge cha mtu mzima mara mbili. Nilipopita alinisalimia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

"Mambo, dokta mtarajiwa?"

"Poa."

"Mimi hawakunifundisha, lakini wananiita dokta. Wewe wamekufundisha miaka saba, hawakuiti. Tubadilishane koti na cheti basi."

Wateja wake walicheka, nami nilicheka nao, kisha njia nzima nikawa natunga jibu ambalo ningempa. Nililipata baada ya siku nne na halikuwa zuri.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya kawaida. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mama akichambua maharage kwenye ungo, kadi zikiwa magotini kwake. Ilikuja kadi ya nimonia. Nikasema: mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Miezi miwili mpaka kumi na moja, hamsini au zaidi ni nimonia. Mwaka mmoja mpaka mitano, arobaini au zaidi. Kama mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, ugonjwa umekuwa mkali.

Sikusita popote. Nikangoja kadi inayofuata, lakini mama hakuitoa.

"Wanahesabu pumzi?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, kwa saa ya mkononi.

Akaniambia kwamba na yeye alihesabu. Nilikuwa na mdogo wangu aliyefariki nikiwa na miaka sita, mwezi kama ule, tulipokuwa tunaishi kijijini. Nakumbuka kidogo tu: moto uliowashwa mchana kutwa kwenye nyumba iliyofungwa ili mtoto asipigwe na baridi, moshi, na macho yangu yakiwasha. Mama alimpakata kifuani siku tatu. Katika siku hizo alisali rozari, na kwa kuwa mtoto alikuwa juu ya kifua chake, aliamua asali naye pamoja. Kila pumzi ya mtoto, neno moja la Salamu Maria. Aliamini kwamba namna hiyo mtoto atakuwa amesali mwenyewe.

"Alikuwa ananikimbiza," alisema. "Nilikuwa siwezi kumeza mate."

Nikamwomba anionyeshe. Mpaka leo sijui kwa nini nilimwomba, ila ni ile tabia ya kutaka kipimo cha kila kitu. Mama akaweka ungo pembeni, akakunja mikono kana kwamba kuna mtu amemshika, akaanza, neno na neno, haraka, kwa mwendo uleule ambao mwili wake ulikuwa bado unaujua baada ya miaka karibu ishirini. Nikatazama saa yangu. Dakika ilipokwisha alikuwa amemaliza Salamu Maria ya pili. Sala ile ina maneno thelathini na kitu. Nikazidisha.

Mdogo wangu alikuwa ametimiza mwaka mmoja wiki ileile. Mtoto wa mpakani, wa aina iliyoniangusha mtihani mara ya kwanza. Nilijikuta nikiutafuta ule mpaka, nikitumaini nitapata mahali pa kubishania, na sikupata. Sitini na kitu inapita arobaini, inapita na hamsini.

"Imezidi?" mama aliuliza.

"Imezidi."

"Dawa yake ni sindano?"

Nikamwambia kwamba siku ile ya kwanza, kabla mbavu hazijaanza kubonyea, vidonge vingetosha. Siku tano. Nikamwambia pia kwamba moshi haukumsaidia. Hakuwa ameniuliza habari ya moshi. Niliisema kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kadi.

"Kwa hiyo angepona."

Nilifikiria namna nyingi za kujibu. Nilifikiria habari ya umbali wa zahanati, na kwamba huenda siku hiyo vidonge visingekuwepo, na kwamba hakuna daktari anayeweza kuapa. Kisha nikaona kwamba mtu aliyenisikiliza wiki sita bila kuniruhusu kutafuta neno anastahili jibu lisilozunguka. Nikasema ndiyo, angepona.

Mama akachukua ungo wake, akaendelea na maharage. Baadaye aliniambia nilete kadi nyingine.

Nilidhani limeishia pale. Baada ya siku chache, saa zilezile za mchana, alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, jirani wa nyumba ya tatu. Mama akamletea kigoda, akaniambia, "Mweleze na huyu wa kwake." Wa kwake alikuwa amekufa zamani, kwa kuhara, yeye na mama mkwe wake walimnyima mtoto maji kwa sababu waliona kila anachokunywa kinatoka. Nikaeleza. Aliuliza lile swali, nikajibu ndiyo. Akaaga kwa adabu, akashukuru, akasema sasa anajua.

Halafu wakawa wanakuja. Wawili kwa wiki, wakati mwingine watatu. Walioleta watoto wagonjwa niliwakataza, maana sikuwa nimesajiliwa na niliogopa sheria kuliko nilivyoogopa kitu chochote, nao wakaenda kwa yule kijana mwenye koti. Kwangu walikuja waliokwisha kuzika. Walikaa kwenye kile kigoda, wakaanza tangu homa ya kwanza, jioni ya siku gani, alikula nini, alilia namna gani, na mimi niliuliza maswali kama nilivyofundishwa: shingo ilikakamaa? Utosi ulivimba? Macho yaliingia ndani? Wengine niliwaambia hapana, wa kwao ulikuwa ugonjwa wa moyo, ungeishinda hata hospitali kubwa, na nilipoona walivyoshusha mabega nilitamani wote wawe na ugonjwa wa moyo. Lakini sikudanganya. Nililiona hilo kuwa udaktari wangu, wa pekee niliokuwa nao.

Kadi ziliacha kuwa kadi tu. Nikikamata ya surua nilimwona mtoto wa mama fulani. Mama aliacha kunisikiliza. Alisema sasa nazijua zote, na kweli nilizijua. Ila nilipokuwa kwenye basi la kwenda Mbeya ili niunganishe Dar es Salaam, nikizipitia kwa mara ya mwisho, niligundua kwamba kadi za vipimo vya dawa, ni kiasi gani kwa kila kilo ya mtoto, mara ngapi kwa siku, zilikuwa safi, hazijachafuka pembeni kama zile nyingine. Tangu wale akina mama waanze kuja nilikuwa sijazigusa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kipimo.

Mtihani wa kuandika ulikwenda vizuri. Kwenye mahojiano kulikuwa na wazee wawili nyuma ya meza. Mmoja wao akanisomea habari ya mtoto wa miezi minane, ana homa siku mbili, hataki kunyonya, utosi umevimba, amepata degedege asubuhi hiyo. Akaniuliza nitafanya nini.

Nilianza kueleza. Nilisema ni homa ya uti wa mgongo. Nilisema ilianzaje, na kwamba jana yake jioni mama alidhani ni meno, na kwamba baada ya degedege ya pili mtoto atalegea, ataacha kulia, na mama atadhani amepata nafuu, kisha pumzi zitaanza kupishana. Nilieleza mpaka mwisho kabisa. Sikutafuta neno hata moja. Nilikuwa nimemsikia mtoto yule kwenye kigoda cha jikoni kwetu mara tatu, kwa wanawake watatu.

Yule mzee alinisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Binti," alisema kwa Kiswahili, ingawa haikuruhusiwa, "mtoto niliyekueleza bado yu hai."

Mwenzake akacheka kidogo. Wakaniuliza dawa, nikaitaja. Wakaniuliza kiasi gani kwa kilo. Nikaanza kufikiria.

Barua ilitufikia Sumbawanga baada ya mavuno. Sikumsomea mama yote. Nilimwambia ni mara ya tatu na kwamba hakuna ya nne. Aliuliza kama kuna mtu wa kumwona, mkubwa yeyote, nikasema hakuna. Akaniambia nikamletee kuni, si kwa sababu zilikuwa zimekwisha. Nilikaa huko nje kwenye kuni muda mrefu nikihesabu miaka yangu, ya huku na ya ughaibuni, nikijaribu kuona mahali ambapo ningegeuka njia nyingine. Nilipaona pengi, na hakuna hata mahali pamoja palipokuwa na faida tena.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja kutoka bondeni, upande wa Muze, Msukuma wa wale waliohamia na ng'ombe wao. Alikuwa amepanda na lori la mpunga tangu alfajiri. Alisikia kwa mtu, aliyesikia kwa mtu, kwamba kuna daktari anayejua watoto waliokufa waliumwa nini. Mama yangu alisimama mlangoni akamwambia kwa upole kwamba mambo hayo yamekwisha, mimi mwanawe si daktari, arudi salama. Yule mama hakuondoka. Alisema hakuja kutafuta dawa.

Nilitoka nikamwamkia shikamoo, nikamletea kigoda. Alieleza polepole, akiwa ameyapanga maneno njiani. Mtoto wa miaka miwili, kikohozi, mvua zilikuwa zimekata barabara ya mlimani. Siku ya kwanza alikuwa anacheza bado. Siku ya pili pumzi zikawa za haraka, yule mama akapiga mikono yake hewani kunionyesha, na sikuhitaji saa kujua zimepita arobaini. Alimaliza, akafunga vizuri kanga yake kifuani, akaniuliza kama mtoto wake angepona.

Mama yangu alikuwa amerudi kwenye chungu, nyuma yangu. Nilisikia ameacha kukoroga.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ule usingeweza kupona."

Nilikuwa nimesema kabla sijafikiria. Yule mama alitikisa kichwa taratibu mara nyingi, akaomba maji ya kunywa, akauliza malori ya kurudi bondeni hupita saa ngapi.