Laini Sitini

Ofisini walimwita Bahili, wala hakununa. Alikuwa fundi wa simu aliyechonga penseli mpaka ikashikwa kwa kucha, na mtandao alioubuni ulifanana naye. Badala ya kila mji kuwa na modemu zake, yaani vifaa vya kuunganisha kompyuta na simu, miji mitano yote ilipiga simu kwenye chumba kimoja, kabati moja la modemu, laini sitini. Wenye maduka ya intaneti walinunua huduma kwake kwa jumla, wakaiuza rejareja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu ataingia, atasoma barua zake, atakata simu, atampisha mwenzake.

Watu hawakukata, ng'o! Aliyepiga simu asubuhi nzima bila kupata laini, siku akiipata aliing'ang'ania hata kama hana la kufanya.

Mwezi wa pili tangu mtandao uanze, saa nane mchana, mlango wa chumba hicho ulivunjwa kwa teke. Waliingia wenye maduka wanne wameshika vyuma, mmoja wao, aliyetangulia, akiwa shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Shemeji, umetuua! Wateja wangu wanapiga simu mpaka wanalia!"

"Nipe siku mbili tu, shemeji..."

Ngumi ikamkata kauli. Akaonja damu. Chuma kimoja kikapasua meza, kingine kikaelekea kabatini. Kabati lilikuwa hilo hilo moja. Likivunjwa, miji mitano imezimika na kazi ya maisha yake imekwisha. Bahili akajitupa mbele, akalikinga kwa mgongo. Wakampiga mbavu, wakampiga magoti, na shemeji akashusha chuma kwenye mkono wa kulia mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu.

Akapiga yowe. Kisha akacheka, kicheko kibaya, akaelekeza kidevu kwenye skrini iliyoonyesha kila laini na duka lililoishika. "Soma, shemeji. Kwa sauti."

Mwenzake mmoja akasoma badala yake. Laini kumi na tisa, zote za duka la shemeji, zimeshikwa tangu alfajiri na hazipitishi kitu.

"Niliziwahi tu," shemeji akanong'ona, "nisije nikakosa."

Wale watatu wakamgeukia na vyuma vyao. Bahili akajikokota hadi kwenye kibodi, akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto: laini itakayokaa kimya dakika kumi, ikatwe.

"Shemeji! Wananiua, shemeji!"

Alimsikia vizuri sana. Alimaliza kwanza kuandika, ndipo akageuka.

Mtandao ulifanya kazi miaka sita bila kuongezwa laini hata moja. Shemeji hakutembea tena, na mkewe Bahili hajamsamehe mumewe mpaka leo.