Hondohondo wa Mkwaju wa Mama

Mkwaju wa mama ulikuwa umeanza kufa kabla mimi sijaolewa, na mpaka wanangu wanamaliza shule ulikuwa bado haujamaliza. Sijaona kiumbe mwingine mbishi kiasi hicho. Ulisimama juu ya kichuguu nyuma ya boma letu huko Ludara, upande mmoja mkavu kabisa, umebambuka gome, na upande wa pili tawi moja tu lililoendelea kutoa majani kila mvua ikinyesha. Tawi hilo peke yake lilitosha kuutia uji wa mama ukali mwaka mzima.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule hapa Mvara, na mume wangu husema mdomo wangu una sindano nyingi kuliko kasha langu. Sawa, nakubali. Lakini kwa haya ninayosimulia sina wa kumchoma. Nimemtafuta mwenye kosa nikamkosa, na hilo ndilo linaloniuma.

Watu waliopita njia ya kwetu waliona kuni zimesimama. Mimi nilikulia chini ya kuni hizo, na nawaambia hapakuwa na nafasi ya kupangisha. Nyuki walikaa katika ufa wa chini. Popo walining'inia kwenye uwazi wa shina, na jioni walitoka kama moshi. Kenge alilala kwenye mizizi, akatuibia mayai ya kuku, tukamtukana na kesho yake akarudi. Bundi naye alikuwepo. Majirani walitaka tumfukuze kwa sababu ya mikosi, mama akasema panya wa ghalani kwake ndio mikosi, bundi abaki. Juu kabisa kigogota alitoboa vijitundu kwenye mbao iliyooza. Tundu likiachwa na kigogota huingia kwezi, likioza zaidi na kupanuka huingia kindi, na baada ya miaka mingi huwa kubwa la kumtosha hondohondo. Lilirithiwa kama gauni la dada mkubwa, ila hili lilizidi kupanuka.

Huyo hondohondo ndiye ambaye mama alimpenda kuliko wote. Mvua za kwanza zikianguka, jike huingia tunduni, akajifungia. Hutumia udongo na kinyesi chake mwenyewe kuziba mlango, na dume humsaidia kwa nje, mpaka ubaki mwanya mwembamba kama tundu la kifungo. Humo ndani hutaga, huatamia, na manyoya yake ya kurukia hupukutika, hata angetaka kutoka asingefika mbali. Uhai wake wote huwa katika mdomo wa mume anayeleta panzi na viwavi kutwa nzima, akivipitisha mwanyani kimoja kimoja.

Mama alijifunza Kiswahili katika kambi za jeshi alikomfuata baba, na mpaka leo hugombeza kuku kwa lugha hiyo. "Huyu mwanamuke iko na akili," alikuwa akiniambia, amekaa kwenye kigoda chake akimtazama dume akija na kwenda. "Anafunga mulango, bwana analeta chakula. Baba yako mimi nilifungua mulango, akaenda kula mushahara huko." Kisha anacheka mpaka kikohozi kinamshika.

Kikohozi hicho ndicho kilichotuletea matofali. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imechoka, inavuja juu ya kitanda, na kila mvua kifua chake kilizidi kubana. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye hapo bomani, aliapa kwamba mama hatapitisha masika mengine chini ya nyasi. Kiangazi chote alikanda udongo, akafyatua matofali, akayaanika, akayapanga tanuru refu kuliko yeye. Kilichobaki ni kuni. Na tanuru halitaki vijiti. Linataka magogo mazito yanayokaa na moto hadi asubuhi.

Sheria ya kwetu inakataza kukata mti mbichi bila ruhusa. Mti mkavu hakuna anayeuulizia. Mti mkavu ni wa yeyote mwenye shoka, na hata watu wapole, watu wa kanisani na wa msikitini, wanaona wamefanya jambo jema kuuchukua huo na kuuacha mbichi. Basi kutoka kwetu Ludara hadi Dranya ikawa miti mikavu imekwisha. Miti michanga ipo, ya kijani, myembamba, haina hata ufa wa kumficha mjusi. Mkavu mkubwa uliobaki nilioujua mimi ulikuwa wa mama.

Mdogo wangu alimwomba kwa adabu. Nilikuwepo, nimekuja kumletea mama dawa ya kifua. Mama hakukataa. Alinyoosha mkono kuelekea mkwajuni, ambako siku chache kabla jike alikuwa ameshajiziba.

"Muti nakupa," alisema. "Lakini ndani iko na mutu. Siku ile mama ya ndani anatoka, muti ni yako. Mbele ya hiyo siku, hapana gusa."

"Na mvua, mama?"

"Mvua nayo itangoja, ama hapana ngoja. Mimi nilishaambia huyu ndege akae. Wewe unataka mimi niwe mwongo?"

Ahadi ni deni, na mdogo wangu ni mtu wa kulipa. Alifunika matofali kwa nyasi na matambara ya turubai, akangoja. Mvua ikaja ikamlia kona moja ya tanuru, matofali yakarudi kuwa tope mbele ya macho yake, akangoja. Jirani zetu walimfanya kichekesho. Wakipita walimwuliza, "Bwana, ndege imekupa ruhusa?" naye hujibu, "Mwenye nyumba bado hapana hama," na wote wanacheka, yeye pia. Kila asubuhi alikwenda kutazama mlango wa udongo kabla hajanawa uso. Nilijivunia ndugu yangu siku zile, na mpaka sasa najivunia, ingawa haimsaidii kitu.

Siku aliyonipigia simu nilikuwa nakata kola. "Dada, ametoka!" Alipiga kelele kama mtu anayetangaza mtoto kutoka wodi ya uzazi. "Amevunja mulango, ametoka, nimemuona na macho yangu! Mama pia amemuona!" Nilifurahi kwelikweli. Nikafunga cherehani, nikapanda gari la Koboko, nikamalizia kwa boda, maana wachoma matofali hupikiwa na wanawake wa boma na mama asingeweza peke yake.

Asubuhi yake mashoka yalianza. Wanaume walisimama upande wa boma, ambako ardhi ni tambarare. Tundu lilikuwa upande wa pili, juu, likitazama shamba la muhogo, na hakuna aliyezunguka kulitazama, kwa sababu gani wazunguke? Mwenye nyumba alikuwa amehama.

Wale hondohondo walikuja wote wawili. Walitua kwenye lile tawi la majani, wakaruka, wakatua, wakilia ule mluzi wao wa kushuka chini, kila mmoja na kitu mdomoni. Wanaume waliacha kukata kidogo, wakatazama juu. Mama alikuwa mlangoni, amejifunga kanga kichwani kwa ajili ya baridi.

"Wanaaga," alisema. "Ona, wanahama na muzigo yao."

Sote tuliona hivyo. Hata mimi. Nikarudi kugeuza maharage.

Mkwaju ulipoanguka ardhi ilisukuma miguu yangu. Nyuki walipanda kama vumbi, wanaume wakakimbia huku wanacheka na kujipiga makofi shingoni. Bundi alitoka mchana ule asione pa kwenda, akagonga ukuta wa jikoni, akakaa chini amefumba macho. Nilikuwa namtazama bundi nilipogundua kicheko kimekatika.

Shina lilikuwa limepasuka pale kwenye tundu. Makinda yalikuwa matatu. Si vitoto vya uchi. Yalikuwa na manyoya, midomo imeanza kupinda. Mawili yamekwisha kufa. Pembeni yao kilikuwepo kipande cha ukuta wa udongo, na mdogo wangu alikiokota, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Ulikuwa ukuta mpya, wa jana au juzi, na upande wa ndani umejaa alama ndogondogo za midomo.

Mama alikuja polepole, akakichukua kile kipande mkononi mwake, akakigeuza. Alielewa kabla yetu. Watoto walikuwa wamekua, wanakula sana, baba peke yake hawezi tena. Kwa hiyo mama yao alitoka kumsaidia kutafuta. Na wao, wadogo hivyo, wakauziba mlango nyuma yake wenyewe ili wakae salama.

"Watoto walifunga mulango," mama alisema.

Kinda la tatu lilikuwa hai. Mdogo wangu alilibeba ndani ya kofia yake, tukalitafutia panzi, tukaliwekea mdomoni, halikumeza. Jua halijazama likafa. Na hapo, nisameheni, sina namna nzuri ya kusema: tulichoma matofali. Wingu lilikuwa limekaa upande wa Kongo, wanaume wameshakula chakula chetu, mti umeshaanguka. Magogo yale yaliwaka vizuri ajabu. Matofali yalitoka mekundu, magumu, ukiyagonga yanalia. Nilitamani yaharibike.

Nyuki hawakurudi. Popo hawakuwa na pa kurudi. Kenge alionekana mara moja barabarani, amekanyagwa. Panya walijaa ghalani mwaka ule, na mama hakuwahi kuuliza bundi alikwenda wapi. Wale wazazi wawili walikuja siku nyingi. Walifika na panzi mdomoni, wakapigapiga mabawa hewani, juu ya kichuguu, pale pale ambapo mlango ulikuwa, wakitafuta pa kushika. Hapakuwa na kitu, ila wao walijua mlango ulikuwa juu kiasi gani.

Baadaye walikuja watu wa ofisi ya misitu na miche ya kalitusi, wakatupongeza kwa nyumba, wakapanda mmoja kichuguuni na kutupiga picha. Nilimwuliza kijana wao mche huu utapata tundu lini. Alidhani namtania. Akaniambia kwa upole kwamba mti huu ni mzuri, unakua haraka na hauozi. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Wangeuona mkwaju wetu wangefikiri tena, maana miaka yote ile ya kuoza ndiyo iliyowalisha hao wote, na miaka haifyatuliwi upya kama matofali. Sitaiona mimi. Wanangu nao hawataiona. Nikisikia hotuba za miche sasa huondoka, nisije nikamvunjia mtu heshima.

Mama alihamia nyumba ya matofali. Haivuji. Kifua chake kina nafuu, namshukuru Mungu kwa hilo na najiona mnafiki nikishukuru. Mdogo wangu alikuwa amemwekea dirisha kubwa upande wa kichuguu, alilichora tangu mwanzo ili akae kitandani aone ndege wake.

Mvua za kwanza mwaka uliofuata nilikuwa huko. Walikuja tena, wawili, wakakaa kwenye bati juu yetu, wakaanza ule mluzi wa kutafuta tundu. Tuliwasikia wakitembea huku na huku na kucha zao. Mama aliweka kikombe chini.

"Ziba hii dirisha," alimwambia mdogo wangu.

Alibisha kidogo, akamwambia atakosa mwanga, atakosa hewa. Mama alimsukumia karai. Basi akaenda kukanda udongo, akachukua matofali yaliyobaki, akajenga safu juu ya safu, nami nikimpa. Chumba kikawa giza. Juu kabisa akaacha ufa mdogo wa kupitisha hewa, akanawa mikono, akatoka nje.

Mama aliinuka kitandani, akachota udongo uliobaki kwenye karai, akapanda kigoda chake, akauziba na huo ufa kutoka ndani, kwa mkono wake.