Utando Chini ya Barafu

Katika jumba la viumbe wa baharini nililohudumu huko Al Barsha, Uarabuni, mwanzoni mwa miaka ya 2010, palikuwa na tangi la krili, jamaa wadogo wa kamba kutoka bahari ya kusini, ambao miili yao huonyesha hadi utumbo. Maji yao ya chumvi yalikuwa baridi kuliko barafu inayoyeyuka, na juu yake kilielea kipande cha barafu. Krili hao walikataa unga tuliowalisha, wakawa wanakufa kila siku. Madam, msimamizi wetu, aliamua kwamba wasipokula kufikia Alhamisi, tangi limwagwe.

Jumatano asubuhi niliona utando wa kahawia chini ya barafu: mwani uliomea kwa mwanga wa taa, ambao huko kwao ndio malisho ya majira ya baridi. Msafishaji wetu, Mkenya aliyezoea kuniita Mwalimu, alikwisha kushika brashi.

"Usiuguse, nakusihi," nikamwambia.

"Mwalimu, huu ni uchafu! Madam akiuona, khalas, mimi narudi Nyeri."

"Nipe hadi adhuhuri. Akija, mwambie mimi ndiye niliyekuzuia."

"Haya, ngoja tuone hao ng'ombe wako wakila nyasi."

Tulichutama mbele ya kioo. Krili mmoja alipanda, akajigeuza tumbo juu, akaanza kuikwangua barafu kwa miguu. Punde ukatokea uzi wa kahawia ndani ya utumbo wake.

"Anakula! Mwalimu, anakula! Yalla, nyinyi wengine, njooni!"

Wakaja watatu, kisha wote.

Alhamisi tangi halikumwagwa, na utando ule haukusuguliwa tena.