Mhudumu wa Ofisi Anayeitwa Injinia

Mpanda nzima hakuna mtu anayeijua kompyuta kama mwandishi wa makala haya. Anajua inakaa juu ya meza gani, anajua inafunikwa na kitambaa gani ikipumzika, na anajua haipendi kumwagiwa chai, maana aliwahi kuimwagia. Elimu yake inaishia hapo. Ndiyo maana asubuhi hii amekuja kwa mwenye kujua.

Ni saa moja na robo. Minza Mwandu, miaka thelathini na sita, anaingia katika ofisi moja ya mjini Mpanda ambayo mwandishi ameombwa asiitaje. Mkono wa kulia ana birika kubwa la chai. Mkono wa kushoto ana bunda la waya wa mtandao. Funguo za ofisi amezibana kwa meno, kwa hiyo salamu yake ya kwanza haieleweki.

Kabla hajaweka birika chini, simu inaita. Ni Maiko, tabibu wa zahanati ya Sibwesa. Wagonjwa wamejaa na kompyuta ya kuwaandikisha imegoma.

"Injinia, huku kumebuma kabisa," anasema Maiko.

"Pole tabibu. Kile kisanduku cha ukutani, taa ngapi zinawaka?"

"Hakuna hata moja."

"Umeme upo?"

"Upo. Feni inazunguka."

Minza anaibana simu kati ya sikio na bega, anaanza kumimina chai kwenye kikombe cha kwanza.

"Sasa nani anachaji simu hapo ukutani?"

Upande wa pili Maiko anawauliza waliopo. Halafu inasikika sauti ya mwanamume mwingine, ya mbali, ikisema alichomeka kwa dakika tano tu.

"Mwambie mlinzi atoe chaja yake, arudishe plagi yangu. Hesabu mpaka ishirini, taa zitawaka."

Kikombe cha nne kinajaa. Simu inasema zimewaka, zote. Minza anaaga, anakata, anauliza kama mwandishi anatumia sukari.

Kutoka Mpanda hadi Sibwesa, masika, mtu anaweza kumaliza nusu siku akisukuma pikipiki kwenye tope. Huyu ameuona ukuta wa Sibwesa, chaja ya mlinzi na aibu ya mlinzi, akiwa amesimama mbele ya birika. Mwandishi ameishi miaka mingi na amewaona waganga wengi wanaojisifu kuona ya mbali. Hajamwona aliyeona chaja.

Zahanati kumi na tisa zinamtegemea Minza namna hiyo. Mfumo unaoandikisha wagonjwa, dawa na vipimo ukilala, ni yeye anayeuamsha. Restituta, muuguzi wa Litapunga, anakumbuka siku mvua ilipokata barabara na bodaboda wote wakakataa kwenda.

"Tukamwona anakuja, kaendesha pikipiki mwenyewe," anasema Restituta. "Mgongoni kafunga kitu kwa khanga. Nikasema huyu mama kaja na mtoto mgonjwa kwenye mvua hii. Kumbe ni kile kisanduku cha mtandao. Amekifunika vizuri, yeye mwenyewe kalowa mpaka soksi."

Wote wanamwita Injinia. Barua wanazoleta zimeandikwa "Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA, Injinia Minza." Anazipokea kwa mikono miwili na kuzipeleka masijala, kwa sababu kupeleka barua masijala ndiyo kazi yake. Kupika chai ndiyo kazi yake pia. Na kufagia, na kupangusa meza. Barua yake ya ajira inasema Mhudumu wa Ofisi, na haijawahi kusema kingine tangu mwaka 2014.

Alizaliwa Sibwesa, mtoto wa tano wa Mzee Mwandu Lyamba, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Meatu. Alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya uhudumu, akashukuru Mungu. Mwaka wa pili ofisi ikaletewa kompyuta sita. Fundi alikuja nazo kutoka Mbeya, akafundisha watu siku mbili, akapanda basi. Wiki iliyofuata zilikufa zote.

"Watu wakazifunika vitambaa vya kufuma," anasema Minza. "Zikawa kama za maonyesho. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nazipangusa vumbi. Siku moja napangusa kwa nyuma, nikakuta panya wamekula waya."

Akaukata ule waya, akauweka kwenye mkoba, akaenda nao sokoni kwa Gratien, mzaliwa wa Katumba mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Gratien aliuangalia, akacheka, akamwambia ndani mwake kuna nyaya nane za rangi nane, na zikikosea foleni hata mara moja mashine hazisalimiani.

Mwandishi alimuuliza Minza alizishikaje rangi zote hizo.

"Kama ng'ombe wa baba, bibi. Ng'ombe wanatoka zizini kwa mpangilio, kila siku yule yule mbele, yule yule nyuma. Nikawapa majina. Wa kwanza ana mabaka meupe na chungwa, wa pili chungwa mtupu, wa tatu mabaka meupe na kijani, wa nne bluu. Wanatoka hivyo mpaka wa nane, yule wa udongo."

"Na ng'ombe wa bluu baba yako alimtoa wapi?"

"Huyo nilimwazima kwa jirani," anasema, na hacheki.

Kwa Gratien alienda kila Jumamosi mchana kwa miaka miwili. Akafuata cheti cha kompyuta. Baada ya cheti, stashahada ya jioni. Akaingia shahada kwa masomo ya masafa, akisomea kwenye kompyuta zile zile, alizokuwa amezifufua mwenyewe, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, kabla wenye vyeo hawajafika. Ada aliilipa kwa kuuza mpunga na kwa ng'ombe wawili ambao Mzee Mwandu aliwatoa bila kuulizwa mara mbili. Mwaka jana alihitimu. Mwandishi ameonyeshwa picha ya joho, akawaza jinsi kofia ile inavyosimama bila kufungwa.

Sasa tuzungumze habari ya mshahara, maana ndiyo inayosumbua watu wazima.

Baada ya makato, Minza anabaki na laki tatu na themanini elfu kwa mwezi. Mwenye shahada kama yake, akiajiriwa leo kwa cheo cha Ofisa TEHAMA Daraja la Pili, anabaki na karibu mara mbili ya hiyo. Tena si pesa peke yake.

"Ofisa anaanza la pili, anapanda la kwanza, anakuwa mwandamizi, anakuwa mkuu," anaeleza, akipandisha kiganja hewani. "Anapelekwa semina. Anaandikiwa posho ya safari. Mimi ngazi yangu ina vipandio vitatu, na juu yake ni dari."

Alipokwenda Litapunga na mvua ile, mafuta ya pikipiki yalikuwa yake. Mhudumu hana safari ya kikazi, kwa hiyo kwenye karatasi siku hiyo Minza alikuwa jikoni.

Nafasi ya Ofisa TEHAMA ipo moja katika ofisi hiyo, na haina mtu. Sheria inamruhusu kuomba abadilishiwe kada, avuke kutoka uhudumu. Ombi lake limekamilika, limebakiza kitu kimoja: barua ya mkuu wa ofisi kuthibitisha kwamba kazi hiyo anaifanya kweli. Ikifika Juni 30 bila barua, nafasi inatangazwa, anakuja mtu kutoka nje.

"Nitampokea," anasema Minza. "Nitamfundisha ng'ombe wanavyotoka. Halafu nitamletea chai."

Mkuu wa ofisi anaitwa Gelasius. Ni Mpimbwe, mwenyeji wa huku, mwenye tumbo la heshima na mcheko wa karibu, na chai ya Minza anaipenda kwa dhati. Mwandishi alipomfuata kuhusu barua, alimpa kiti na biskuti.

"Mimi si mtu mbaya. Andika hivyo, mama," alisema.

Imeandikwa.

"Tatizo, huyu akishakuwa Ofisa, kesho mkoa wanamtaka, keshokutwa wizara. Nitabaki na nani? Lakini barua yake ipo njiani. Msimtie presha mtoto wa watu."

Huko Sibwesa, Mzee Mwandu ameshawatangazia watu kwamba binti yake ni injinia wa mkoa mzima. Alisikia zahanati wanavyomwita, akachukulia hivyo.

"Sijamkatalia, sijamkubalia," anasema Minza. "Akinipigia anasema, 'Mayu, mama yangu, habari za mitambo?' Namwambia nzuri. Mitambo kweli ni mizima."

Akikipata hicho cheo anataka vitu viwili. Kwanza, kila mwaka wasichana wawili wa kidato cha nne, kutoka vijiji vya wafugaji, waje washike waya kwa mikono yao. Pili, aende Sibwesa na kitambulisho kipya, akiweke kwenye kiganja cha baba yake, akisome herufi moja moja.

Jumatano ya wiki ya tatu ya Mei, ofisi ina kikao. Kwa mara ya kwanza wameitwa watumishi wa zahanati wenyewe, wale wanaoutumia mfumo kila siku. Kutoka ngazi ya juu amekuja Bi Theopista, ofisa utumishi mwandamizi, mwanamke mwembamba anayesikiliza huku kalamu imesimama. Mwandishi amekaribishwa nyuma, karibu na vitumbua.

Minza ndiye aliyefunga projekta na kuiunganisha na kompyuta mpakato ya Gelasius, mwenye taarifa ya robo mwaka. Akimaliza, anachukua trei na kugawa chai.

"Dada, sukari imo?" anauliza Maiko wa Sibwesa bila kuinua macho.

"Imo, tabibu."

Maiko anageuka taratibu na kikombe chake hewani. Anamtazama usoni, anatazama trei, anamtazama tena. Kwa miaka mitatu ameisikia sauti hiyo kwenye simu tu.

Hajasema neno, utambulisho unaanza. Kila kikao chetu kinaanza hivyo, hata kiwe cha kufiwa: mtu anasimama, anataja jina, anataja cheo, anapigiwa makofi matatu. Wanasimama waganga, wauguzi, wahasibu. Zamu inafika mlangoni, alipo mwenye trei.

"Naitwa Minza Mwandu. Ni mhudumu wa ofisi."

Ukumbi unaangua kicheko. Litapunga wanacheka, Katumba wanacheka, mzee mmoja wa maabara anajifuta machozi.

"Injinia, acha utani," anasema Restituta. "Jitambulishe vizuri tukupigie makofi."

"Nimejitambulisha, dada. Mhudumu wa ofisi."

Hapo kicheko kinakatika, meza kwa meza, kuanzia mbele. Makofi hayapigwi. Maiko anakiweka kikombe chini kwa mikono miwili, kama mtu aliyegundua ameshika cha mkwewe.

Bi Theopista anauliza, bila kupaza sauti, huyo anayeitwa Injinia ni nani. Wanamjibu watu kumi na tisa kwa pamoja. Anawaacha wamalize, anafungua faili lake, anapekua.

"Minza Mwandu. Ombi lake ninalo, vyeti ninavyo. Barua ya mkuu wa ofisi sina."

"Nilishaituma," anasema Gelasius, na anatabasamu vizuri tu. "Mwezi wa tatu."

"Kwangu haikufika."

"Basi itakuwa imekwama huko kwenu."

Barua za ofisi siku hizi haziendi kwa bahasha. Zinaandikwa na kutumwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ya Gelasius iko mezani, picha ya skrini yake imejaa ukuta mzima.

"Afadhali," anasema Bi Theopista. "Tuifungue hapa, nichukue namba yake."

Gelasius anasema labda baada ya chakula. Bi Theopista anasema chakula hakijaiva. Gelasius anasogeza kidole, mshale unatangatanga ukutani kama nzi aliyekosa dirisha, mpaka Bi Theopista mwenyewe anaomba nafasi, anakaa, anabonyeza mara mbili.

Barua ipo. Tarehe ni Machi 11. Juu yake neno moja jekundu: Rasimu. Watu wanaisoma yote kwa sababu haichukui muda.

"Yah: Uthibitisho wa Kazi za Ndugu Minza Mwandu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Chini yake, ukuta mweupe.

Mtu wa nyuma anakohoa, na anajitahidi kicheko chake kionekane kikohozi. Mwandishi anaomba radhi, kilikuwa kitumbua.

"Itamaliziwa hapa hapa, sasa hivi, nikiwa nimekaa," anasema Bi Theopista. "Naondoka nayo leo. Juni haijafika, tuna muda. Lakini Mkuu, nisaidie niandike kwenye taarifa yangu. Kwa nini haikutumwa?"

Gelasius anatoa leso, anapangusa paji la uso. Anatazama ukuta. Anatazama dari.

"Ni mtandao," anasema. "Mwezi wa tatu wote mtandao ulikuwa umekatika."

Vichwa vyote vinageuka kuelekea mlangoni. Minza bado ameshika trei. Anaiweka mezani, anaunyoosha ule mgongo ulionyeshewa Litapunga, na anasema kwa adabu yote, kama anayemrudishia mtu kitu alichoangusha:

"Haukukatika, Mkuu. Hata siku moja."